Majogoo Waliozidi Kwenye Ploti ya Mjini: Kula, Kuuza, Kupeleka Kijijini au Kunyamazisha?

Kuku wangu mwekundu alipoatamia nyuma ya nyumba ninayopanga Kiamunyi, hapa Nakuru, alitotoa vifaranga 12, na wote 12 wakakua, kwa sababu niliwachanja dhidi ya magonjwa ya kideri na Gumboro na kuwafunikia wavu ili mwewe asiwafikie. Furaha hiyo ilidumu miezi minne. Ndipo ilipobainika kwamba 7 kati yao ni majogoo, tena katika ploti yenye nyumba nane zinazotazamana, ambapo dirisha la jirani yangu liko hatua sita tu kutoka mlango wa banda. Jirani huyo ni muuguzi wa zamu za usiku. Alikuja jioni moja akiwa njiani kwenda kazini, akakataa kuketi, akasema, "Jirani, sikuja kugombana nawe. Mayai yako nayala, na watoto wako ni kama wangu. Lakini nikirudi asubuhi ndipo nalala, na hao kuku wako ndio kwanza wanachangamka."

Sikuwa na jibu la kumpa siku ile. Tangu hapo nimejaribu njia kadhaa kwa mikono yangu, nimewatembelea wafugaji wenzangu wa Free Area, Section 58 na Bahati kuona wanavyofanya, na ndugu walioko Kakamega na Kisumu wamenieleza ya kwao. Ninayoandika hapa ni ulinganisho wa njia hizo kwa ajili ya mfugaji wa mjini mwenye majogoo wengi kuliko anavyohitaji na nafasi ndogo kuliko anavyotamani. Natanguliza hukumu yangu ili msomaji aipime anapoendelea kusoma: jambo la jogoo huamuliwa vyema akiwa bado pora, yaani jogoo mchanga, kati ya wiki ya nane na ya kumi na sita, kabla hajapata sauti. Akishawika, kila njia inayobaki inakuwa ghali zaidi, ama kwa mfuko wako, ama kwa ujirani, ama kwa kuku mwenyewe.

Kwa nini majogoo huzidi

Vifaranga wanaototolewa hugawanyika karibu nusu kwa nusu, majike na madume, na katika idadi ndogo kama 12 si ajabu kupata madume 7 au hata 9. Wapo wafugaji wanaochagua mayai ya mviringo wakiamini yatatoa majike na kuyaacha yaliyochongoka, lakini umbo la yai halina habari yoyote ya kifaranga kilichomo. Wengine humlaumu jogoo kwamba "anazaa madume tu," ilhali kwa ndege ni mama, wala si baba, anayeamua kama kifaranga kitakuwa jike au dume. Kubadilisha jogoo hakutabadilisha hesabu hiyo.

Anayenunua kuku wa mayai wa kisasa kutoka kwa watotoleshaji wakubwa hakutani na shida hii, kwa kuwa vifaranga hao huuzwa wakiwa wameshachaguliwa majike matupu. Madume wao huuawa siku ile ile wanapototolewa, desturi ambayo Ujerumani iliipiga marufuku kuanzia Januari 2022. Lakini wengi wetu mijini hatufugi hao. Tunafuga kienyeji wa kawaida au kienyeji walioboreshwa, wakiwemo wale waliotokana na utafiti wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, kule Naivasha, na hao kwa kawaida huuzwa wakiwa wamechanganyika. Ukinunua vifaranga 20, jiandae kwa majogoo kama 10.

Gharama yake haionekani mara moja. Jogoo aliyekomaa hula takriban gramu 120 za chakula kwa siku, yaani kilo 3.6 kwa mwezi, na majogoo 7 hula zaidi ya kilo 25. Kwa hesabu hiyo, gunia la kilo 70 huisha kabla ya miezi mitatu bila wao kutaga yai hata moja. Na kinyume na wanavyodhani wengi, kuku hahitaji jogoo ili atage. Atataga vilevile akiwa peke yake. Mayai hayo hayataanguliwa tu.

Kumjua pora kabla hajajitangaza

Uamuzi wa mapema hauwezekani usipojua nani ni nani, na hapa ndipo nilipokosea mwanzo, kwani nilingoja wawike. Siku hizi mimi huenda bandani usiku, kuku wakiwa wametulia kwenye vijiti, nikiwa na tochi. Namshika mmoja kwa mikono miwili, mabawa yakiwa yamebanwa, namlaza kifuani pangu, kisha natumia kidole gumba kufunua manyoya ya kiunoni, pale yanapokaribia mkia. Ya mtamba, yaani jike mchanga, huwa na ncha za mviringo, kama kucha iliyokatwa vizuri, na hayang'ai. Ya pora, kuanzia wiki ya 10 hadi ya 12 hivi, hutokeza mapya marefu, membamba, yenye ncha kali, yanayometameta kwenye mwanga wa tochi kana kwamba yamepakwa mafuta, na yaliyoko shingoni hufuata mtindo huo huo. Hata kabla ya hapo, karibu wiki ya nane, upanga wa kichwani huwa umeanza kuwa mwekundu na mnene kwa dume, wakati wa jike ungali mdogo na wa rangi hafifu. Miguu nayo husema: ya dume ni minene, na pale utakapoota mwiba wa mguuni, yaani kipi, pana kinundu kikubwa zaidi.

Ishara moja peke yake hudanganya. Ishara tatu zikikubaliana, mfunge uzi wa rangi mguuni na uanze kupanga.

Kumchinja nyumbani au kumuuza

Hizi ndizo njia mbili ambazo wafugaji wengi huishia kuzichagua, na zinastahili kulinganishwa kwa utulivu kwa sababu kila moja ina wakati wake.

Kumchinja nyumbani kuna faida ya kwamba unamaliza jambo siku unayotaka, bila dalali wala nauli, na kuku hasafirishwi akiwa ananing'inia kichwa chini kwenye boda boda. Pora wa wiki ya 16 hadi ya 20 ana nyama laini inayoiva kwa muda wa kawaida. Ukimwacha hadi mwaka na zaidi, nyama hukaza na itakubidi umchemshe kwa saa kadhaa kwa moto mdogo, ingawa mchuzi wake una ladha ambayo broila hawezi kukupa. Siku moja kabla ya kumchinja, mwondolee chakula jioni lakini umwachie maji, ili utumbo uwe mtupu na nyama isichafuke. Maji ya kumnyonyolea yawe moto usiofikia kuchemka, karibu nyuzi 60, kwa kuwa maji yanayotokota huichana ngozi pamoja na manyoya. Kama alikuwa akipewa dawa ya kuua bakteria, hesabu siku za kungoja zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa hiyo kabla hajaingia kwenye sufuria.

Liko jambo la ujirani ambalo vitabu vya ufugaji haviligusi. Katika ploti iliyochanganyika kama zetu za Nakuru, ukitaka nyama hiyo iliwe na kila mtu, mwombe jirani Mwislamu akuchinjie. Huchukua dakika chache, na hakuna atakayelazimika kuiacha sahani. Nimeona bakuli moja la mchuzi likituliza malalamiko ambayo mikutano miwili na msimamizi wa ploti haikuyatuliza. Katika jamii za Waluhya, ambako kuku huandaliwa mgeni wa heshima na firigisi ina mwenyewe, kumkaribisha jirani mezani kwa kuku mzima ni kauli kamili, na anayekaribishwa huielewa bila kuelezwa.

Udhaifu wa njia hii uko kwenye moyo na kwenye mikono. Watoto waliompa pora jina watalia, na anayeogopa kisu hapaswi kujifunzia juu ya kuku aliye hai bila mtu mzoefu kusimama kando yake. Vilevile, majogoo 7 hawaliwi kwa wiki moja katika nyumba isiyo na friji.

Kuuza kunaleta fedha na kunaondoa wengi kwa mara moja, ila bei haitoki kwako. Mnunuzi humwinua jogoo mkononi, humbonyeza kifua kwa kidole, na akihisi mfupa wa kidari umetokeza kama ukingo wa kisu, bei hushuka hapo hapo. Kwa hiyo pora aliyenenepeshwa kwa wiki tatu za mwisho hulipa kuliko aliyeachwa ajitafutie. Kienyeji aliyeboreshwa akilishwa vizuri huweza kufika kilo moja na nusu hadi mbili akiwa na miezi minne au mitano, na hapo ndipo kila siku ya ziada huanza kula faida. Wenye hoteli ndogo hulipa vizuri kuliko madalali kwa kuwa hununua bila mtu wa kati, lakini huchukua wawili au watatu tu kwa wiki. Dalali huchukua wote na kukupunja. Mwenye jirani anayelalamika leo hana nafasi ya kungoja hoteli. Mwenye pora wa wiki ya 12 anayo.

Majira yana uzito wake pia. Mahitaji hupanda karibu na Krismasi, Pasaka na Idi, na mfugaji anayepanga vizuri huhesabu kurudi nyuma. Mayai yanayowekwa chini ya kuku mwishoni mwa Julai huanguliwa katikati ya Agosti baada ya siku 21, na pora hufika wiki ya 18 wakati Krismasi inabisha hodi. Upande wa Kisumu kuna mahitaji mengine ambayo hayafuati kalenda hiyo. Mwanamume wa Kijaluo anapohamia boma jipya, huenda na jogoo mkononi, mwanawe wa kwanza akibeba shoka na mkewe akibeba moto, kwa hiyo jogoo mzima mwenye sauti, yule ambaye sisi wa ploti tunamkimbia, ana anayemtafuta. Ndugu yangu aliyeko Migosi huwapeleka wake soko la Kibuye siku ya Jumapili, soko linapofurika, na anasema wakubwa wenye mikia mirefu huondoka kwanza.

Nina onyo moja ambalo naliandika kwa uzito. Kuku aliyefika sokoni na kukosa mnunuzi asirudishwe bandani. Amekaa kutwa akigusana na kuku wa kila mahali, na kideri husambaa kwa kinyesi, kwa vizimba na hata kwa viatu vyako. Mfugaji mmoja wa hapa mtaani alirudisha majogoo wawili waliokosa mnunuzi, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amezika kuku wake wote wa mayai. Kama hajauzwa, achinjwe jioni hiyo, au apunguzwe bei mpaka aondoke. Kwa sababu hii, kwa mwenye kundi dogo asilotaka kulihatarisha, nampendekezea amwite mnunuzi aje langoni badala ya yeye kwenda sokoni, hata kama bei itapungua kidogo.

Kwa jumla, pora mmoja hadi watatu nawaweka upande wa sufuria. Wanne na zaidi nawaweka upande wa kuuza.

Kumpeleka kijijini

Njia hii ndiyo inayopendwa na moyo kuliko zote, kwa kuwa jogoo anabaki hai, wazazi wanapata zawadi, na wewe unalala. Ina msingi pia katika ufugaji wenyewe. Majogoo wa kijiji kimoja wakizaana na dada zao mwaka baada ya mwaka, kizazi hudhoofika, na damu mpya hukiinua. Miaka ya 1970 serikali ya Kenya, ikisaidiwa na Uholanzi, iliendesha mpango wa kitaifa wa kuendeleza kuku ambao sehemu yake ilikuwa kubadilishana majogoo: mfugaji alitoa wa kienyeji akapokea wa kigeni ili kuboresha uzao. Jogoo wako aliyeboreshwa akifika Vihiga au Butere anafanya kazi hiyo hiyo kwa kiwango cha boma moja.

Ila wahenga hawakukosea waliposema jogoo la shamba haliwiki mjini, na nimeona kwamba wa mjini naye huko shamba ana taabu zake. Atakuta mwenye boma, atapigwa, na asipokuwa na pa kukimbilia anaweza kung'olewa jicho. Amezoea kuletewa chakula kwenye sahani, hajui kuparua wala kumkimbia mwewe. Zaidi ya yote, anaweza kupeleka ugonjwa au kuupokea. Kuku aliyechanjwa anaweza kuonekana mzima huku akibeba virusi vinavyoua wale wasiochanjwa, na kuku wengi wa vijijini hawajachanjwa. Kwa hiyo mchanje angalau wiki mbili kabla ya safari, na akifika atengwe wiki mbili nyingine. Mama akisema, "Mwanangu, huyu mbona umemfungia kama mwizi?" mweleze kwa upole, usikubali kuregeza.

Safari yenyewe ni mtihani. Kutoka Nakuru hadi Kakamega ni saa kadhaa za barabara, na jogoo aliyefungwa miguu na kusukumwa chini ya kiti hufika akiwa nusu mfu. Tumia katoni imara yenye matundu pande zote, nyasi kavu chini, jogoo mmoja kwa katoni moja, na usafiri alfajiri kabla ya jua kali. Na uulize kwanza kama anahitajika. Nilipeleka watatu bila kuuliza. Mmoja akabaki akipanda kuku, wawili waliliwa wiki ile ile. Kama mwisho ni sufuria, heri wangepikwa Nakuru bila kusumbuliwa njiani. Njia hii naipendekeza kwa jogoo mmoja bora uliyemchagua kwa ukubwa na afya, si kwa kundi la waliobaki.

Kumnyamazisha

Hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi, na ndipo ninapotamani msomaji asipite.

Jambo la kwanza nililofanya ni kumuuza jogoo mwekundu, mkubwa wa wote, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akianza kuwika na wengine wakimfuata. Nikajua nimemaliza. Alfajiri ya pili yake, saa kumi na dakika chache, pora mweusi ambaye sikuwahi kumsikia hata siku moja alipanda kijiti cha juu, akanyoosha shingo, akatoa mkwaruzo kama mlango wenye bawaba kavu. Baada ya siku tatu sauti yake ilikuwa kamili. Baadaye ndipo nilipopata maelezo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya nchini Japani walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo huwika kwa saa iliyomo mwilini mwake, hata akiwekwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika, usio na alfajiri, na huanza muda mrefu kabla ya mwanga. Mwaka 2015 walionyesha kwamba katika kundi, mwenye cheo cha juu huanza na walio chini yake humngoja na kufuatana kwa vyeo. Akiondolewa, anayemfuata hushika nafasi. Kwa hiyo kuuza mmoja mwenye kelele na kuwaacha sita kimya hakuleti ukimya. Kunapandisha cheo.

Utafiti huo pia unaeleza mipaka ya sanduku la usiku, yaani kizimba cheusi na kifupi ambamo jogoo hawezi kusimama na kunyoosha shingo. Giza halimdanganyi. Kinachosaidia ni ufupi wa dari, pamoja na mbao zinazomeza sehemu ya sauti. Kwa Nakuru yetu yenye usiku wa baridi, sanduku lenye matundu ya hewa ya kutosha huvumilika. Kwa Kisumu, ambako joto la ziwa halipungui sana hata usiku, kizimba kilichobanwa kinaweza kumuua jogoo kabla hakujakucha. Tena lazima mtu awepo kila jioni kumwingiza na kila asubuhi kumtoa. Na baada ya kumtoa, huwika mchana kutwa, jambo ambalo kwa jirani yangu anayelala mchana lilifanya sanduku langu liwe kazi bure. Linamfaa mwenye jogoo mmoja tu, na majirani wanaotoka asubuhi na kurudi jioni.

Ukanda wa shingo siupendekezi kabisa. Hufungwa ili hewa isijae kwa nguvu inayohitajika kuwika, na wapo wanaousifu, lakini tofauti kati ya unaopunguza sauti na unaokaba ni upana wa kidole. Nilimwona jogoo mmoja Free Area ambaye upanga wake uligeuka zambarau kwa sababu ukanda ulikazwa asubuhi, akala akashiba, na kifuko cha chakula kikajaa. Tuliukata kwa wembe. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, haikuwaacha kuku nje.

Kuhasi kunatajwa mara nyingi na watu wanaofikiria jinsi ng'ombe anavyofanywa maksai. Kwa kuku si hivyo. Korodani zake ziko ndani ya mwili, karibu na figo, na kuzifikia ni kupasua kati ya mbavu. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo mwenye dawa ya ganzi, na gharama yake huzidi thamani ya jogoo.

Kuna pia wanaoweka majogoo peke yao, bila jike hata mmoja wa kuonekana, na kweli hupungua kupigana. Lakini huwika. Ni njia ya mwenye shamba Njoro, si ya mwenye ploti.

Kubakiza mmoja

Mtu anaweza kuwa na sababu nzuri ya kubakiza jogoo: hutahadharisha kuku mwewe anapopita, na hutoa mbegu. Kipimo changu ni majike 8 hadi 10 kwa jogoo mmoja. Chini ya hapo atawapanda hao wachache mpaka migongo iwe haina manyoya. Watafiti wa Ubelgiji waliochapisha kazi yao mwaka 2018 walipima sauti ya jogoo ikizidi desibeli 100, na wakakuta kwamba sikio lake hujiziba kwa sehemu anapoupanua mdomo. Yeye ana kinga ambayo mtoto mchanga wa jirani hana. Basi banda likae mbali na ukuta wa chumba cha kulala cha mtu yeyote, na majirani waulizwe kabla, si baada.

Kuhusu sheria, mkataba wako wa kupanga ndio wa kwanza kusomwa, kwa kuwa mwenye nyumba akikataza mifugo hakuna hoja inayobaki. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti mamlaka juu ya kelele, kero za umma na udhibiti wa wanyama, kwa hiyo anayetaka uhakika amuulize afisa wa mifugo wa wadi yake. Ufaransa, mwaka 2019, mahakama ya Rochefort iliamua kwamba jogoo aitwaye Maurice aachwe awike, na Januari 2021 nchi hiyo ikatunga sheria ya kulinda sauti na harufu za mashambani. Wafugaji wa mjini hupenda kulitaja shauri hilo, lakini lihusianishwe na mahali pake: sheria ile inalinda mashamba, na Kiamunyi tunaishi ukuta kwa ukuta.

Njia moja isiyo na nafasi katika ulinganisho huu ni kumwachia jogoo kando ya barabara au karibu na msitu wa Menengai usiku. Kuku wa bandani hawezi kujitunza huko. Ni kumwua polepole na kumwachia mwingine aone.

Kufuga bila jogoo na bado kupata vifaranga

Baada ya yote hayo nilirudi kwenye swali ambalo ningepaswa kuanza nalo, yaani kama namhitaji jogoo hata mmoja. Kuku jike huhifadhi mbegu za jogoo mwilini kwa takriban wiki mbili, kwa hiyo wapo wanaoazima jogoo kwa siku chache na kumrudisha, huku mayai yakiendelea kuwa na mbegu. Ni hila nzuri kati ya wafugaji wanaoaminiana kuhusu chanjo. Nje ya hapo inabeba hatari ile ile ya soko. Mimi nimechagua kununua mayai yenye mbegu kwa mfugaji wa Bahati na kumwekea kuku wangu anapotaka kuatamia. Nachukua yasiyozidi siku saba tangu kutagwa, nayabeba kwenye trei ncha nyembamba ikiwa chini, na baada ya mitikisiko ya boda boda nayaacha yatulie usiku kucha kabla ya kuyaweka chini ya kuku.

Kati ya majogoo 7, wawili waliuzwa hotelini, mmoja yuko Butere akipanda kuku wa mama, na wengine wameliwa, wawili huko na wawili hapa kwenye ploti. Banda sasa lina majike tu, na alfajiri sauti ya kwanza ninayoisikia ni ya adhana. Kuku mwekundu ameatamia tena, mayai 10, na nimeandika kwenye kalenda ya ukutani siku ya 21, kisha wiki ya nane, kisha wiki ya 16. Muuguzi alipoiona kalenda hiyo alikuja kuniuliza maana ya zile alama, nikamweleza. Akasema pora wa kwanza nimwekee yeye, ila nimpelekee siku ambayo hayuko zamu.